Nani alimuua Nerevar? Uchambuzi wa kisa cha Red Mountain

Kesi hii ina ajabu moja: anayeichunguza ndiye marehemu. Katika gemu la Morrowind, lililotolewa na Bethesda mwaka 2002, mchezaji anaanza kama mfungwa aliyeachiwa huru bandarini, kisha taratibu anaonyeshwa kwamba huenda yeye ni Indoril Nerevar aliyezaliwa upya. Anapewa ndoto, unabii, pete na rundo la vitabu. Kumbukumbu ya namna alivyokufa hapewi. Analazimika kuisoma kama msomaji mwingine yeyote, na vitabu vyenyewe vinapingana.

Nerevar alikuwa jemadari wa Wachimer, jamii ya kale ya elfi (elves), mume wa Almalexia, na mwenye cheo cha Hortator, yaani kiongozi wa vita wa koo zote. Vita vya Red Mountain vilipiganwa mwaka 700 wa Enzi ya Kwanza. Gemu linaanza mwaka 427 wa Enzi ya Tatu. Enzi ya Kwanza ilidumu miaka 2920 na ya Pili miaka 896, kwa hiyo kati ya tukio na uchunguzi imepita miaka 3543. Watu wanne waliokuwa karibu na marehemu siku zile bado wapo hai: Vivec, Almalexia na Sotha Sil, waliokuwa washauri wake, na Dagoth Ur, mkuu wa ukoo wa Dagoth. Wote wanne ni watuhumiwa.

Tuanze na yale ambayo hakuna anayeyabishia. Wadwemer, jamii nyingine ya elfi waliokuwa wakiishi chini ya mlima, waliugundua Moyo wa Lorkhan, yaani moyo wa mungu wa kale, wenye nguvu za kimungu. Mhandisi wao mkuu, Kagrenac, alitengeneza zana tatu za kuushughulikia: nyundo Sunder, jambia Keening na glavu Wraithguard. Vita vikazuka. Mfalme wao Dumac akaanguka, na Wadwemer wote wakatoweka duniani. Zana zikabaki. Muda fulani baadaye Nerevar akafa, Azura, mungu wa kike waliyemwabudu, akawalaani Wachimer wakawa Wadunmer wenye ngozi ya majivu na macho mekundu, na wale watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, wakawa miungu. Ubishi wote umejibana kwenye maneno mawili: "muda fulani".

Shahidi wa kwanza: Hekalu

Toleo rasmi la Hekalu, yaani dini inayowaabudu hao watatu, ni fupi, na ufupi wake ndio unaotia shaka. Kitabu cha maisha ya watakatifu kinamtaja Nerevar kama msimamizi wa wapiganaji na viongozi, aliyekufa shahidi akiwaongoza watu wake kuwashinda Wadwemer na ukoo msaliti wa Dagoth. Hakisemi jeraha lilikuwa wapi, nani alilitia, wala maneno ya mwisho yalikuwa yapi. Kwa mtakatifu wa daraja lile, maelezo ni machache mno. Hekalu halina kisa cha kifo cha mtakatifu wake mkubwa.

Nadharia inayolifuata Hekalu inasema Nerevar alikufa kwa majeraha ya vita. Ni nadharia nyepesi na wengi huishika kwa sababu hiyo. Inaangushwa na Vivec mwenyewe.

Shahidi wa pili: Vivec akihojiwa na Vivec

Andiko liitwalo The Battle of Red Mountain ni maneno ya Vivec aliyoyatoa mbele ya kasisi muasi, Malur Omayn, na maofisa wa baraza la kuwahoji wazushi. Hapo ndipo kesi ya ngedere ilipopelekwa kwa nyani: anayeshutumiwa mauaji ndiye anayeendesha mahojiano, na anayeuliza ndiye mfungwa. Hata hivyo ni ushahidi wenye thamani kubwa, kwa sababu Vivec anakiri ndani yake kosa zito. Anakiri kwamba waliapa kwa jina la Azura kutozitumia zana za Kagrenac, na kwamba walikivunja kiapo.

Fuata mwendo wa mwili wa Nerevar katika maelezo yake. Ndani ya chumba cha Moyo, Nerevar na Dumac wanaanguka wote wawili kwa majeraha mazito na uchawi uliowanyonya nguvu. Dagoth Ur anazichukua zana na kushauri ziharibiwe mara moja. Nerevar anakataa, anataka kwanza kuwauliza mkewe na washauri wake. Anamwachia Dagoth Ur ulinzi, kisha anabebwa hadi mteremkoni walikokuwa wakingoja wenzake. Zingatia kitenzi: anabebwa. Kikao kinafanyika, watatu wanashauri zana zitunzwe, Nerevar anadai kiapo, wanaapa. Halafu wote wanarudi mlimani pamoja na Nerevar. Dagoth Ur anagoma kuzitoa. Nerevar na walinzi wanatumia nguvu, zana zinapatikana, Dagoth Ur anatoroka.

Mtu aliyebebwa kushuka amepanda tena mlima uleule, akapigana na kushinda. Aidha majeraha hayakuwa ya kumuua, au alitibiwa akapona, au Vivec amechanganya. Kwa vyovyote, anayetaka kusema Nerevar alikufa kwa jeraha la Dumac hawezi tena kumtumia Vivec kama shahidi wake.

Baada ya hapo Nerevar anatoweka kwenye masimulizi. Hafi, hazikwi, haliliwi. Vivec anasema tu kwamba kwa miaka kadhaa walikishika kiapo walichoapa pamoja na Nerevar, hadi Sotha Sil alipoijua siri ya zana na kuja na ndoto ya dunia mpya. Wasomaji wa haraka hupita hapa bila kushtuka. Lakini huyu ni msimulizi anayekumbuka nani alisema nini mteremkoni miaka elfu tatu na nusu iliyopita, na amesahau kutaja kwamba jemadari, rafiki na mume wa mwenzake alikufa. Kwenye upelelezi wa maandiko, pengo lililokaa mahali pamoja tu, na mahali penyewe ndipo palipoulizwa swali, huhesabiwa kuwa jibu nusu.

Shahidi wa tatu: Alandro Sul

Waashlander, wafugaji wa nyika za majivu, wana masimulizi tofauti, na yamesimuliwa upya katika andiko liitwalo Nerevar at Red Mountain, moja ya maandiko ya siri ya Hekalu. Chanzo chake ni Alandro Sul, mbeba ngao wa Nerevar, aliyekwenda kuishi nao baada ya bwana wake kufa. Hapa hakuna kumung'unya maneno. Nerevar aliandaa ibada ya kumwita Azura ili aombe mwongozo wake. Almalexia akatumia mishumaa yenye sumu, Sotha Sil akatumia mavazi yenye sumu, Vivec akatumia maombi yenye sumu. Nerevar akauawa. Azura akatokea hata hivyo, akawalaani, akaahidi kwamba Nerevar atarudi. Sotha Sil akamjibu kwamba enzi ya miungu ya kale imekwisha.

Uzuri wa ushahidi huu ni kwamba mbinu inalingana na mazingira. Ibada ya kuita inahitaji mwanga, vazi na maneno. Kila muuaji amepewa kile ambacho kwa kawaida kingepitia mikononi mwake: malkia mishumaa, mchawi vazi, mshairi maneno. Ni sumu isiyohitaji marehemu anywe wala ale chochote. Anahitaji tu kuendelea na ibada aliyoianza mwenyewe. Na sababu ya kuua saa ileile inaonekana wazi. Katika masimulizi haya, Azura ndiye aliyemwonyesha Nerevar namna ya kuitumia nguvu ya zana dhidi ya Wadwemer. Akija tena, atauliza zana ziko wapi na zinangoja nini.

Udhaifu wake nao usifichwe. Kwanza, andiko halisemi Sul aliona. Mbeba ngao hukaa karibu na bwana wake vitani. Ndani ya duara la ibada ni jambo jingine. Pili, maneno yamesafiri kwa mdomo kizazi baada ya kizazi kabla ya kuandikwa. Tatu, "maombi yenye sumu" yanaweza kuwa laana halisi ya kichawi, au yanaweza kuwa lugha ya wasimulizi ya kusema kwamba Vivec alidanganya. Wanaochukua mstari huo kama ripoti ya maabara wanaubebesha mzigo usioweza kuubeba.

Wimbo mmoja wa Wanord, watu wa kaskazini, unaongeza kwamba Sul alipofushwa na sauti ya mfalme Wulfharth katika vita hivyo. Ukiuamini, shahidi mkuu wa mashtaka ni kipofu. Ila wimbo huohuo unawaweka Nerevar na Dumac upande mmoja wa vita, jambo ambalo masimulizi mawili niliyoyaeleza hayalikubali, kwa hiyo kuchukua upofu na kuacha mengine ni kuchagua nyama na kutupa mifupa.

Fumbo la mahubiri 36

Sasa ushahidi unaowagawa mashabiki kuliko wote. Vivec ana mahubiri 36, yaliyotungwa na Michael Kirkbride kwa ajili ya gemu, yaliyojaa mafumbo kiasi kwamba wachezaji wengi huyafungua na kuyafunga. Hubiri la 29 ni orodha: la kwanza, la pili, la tatu, na kila moja lina jina na namba. Namba ya kwanza ni 1, ya pili ni 68, ya tatu ni 112. Orodha hiyo ni ufunguo.

Utaratibu ni huu. Andika namba zote za hubiri la 29 kwa mpangilio wake. Chukua hubiri la 1, hesabu hadi neno la 1, liandike. Chukua hubiri la 2, hesabu hadi neno la 68. La 3, hadi neno la 112. Endelea hivyo. Hubiri la 1 linaanza na neno "He", na hilo ndilo linalokuonyesha kwamba kichwa cha hubiri hakihesabiwi. Ukihesabu kichwa, umepotea tangu hatua ya kwanza na kila neno linalofuata litakuwa la bahati nasibu. Kosa la pili ni maneno yenye kistariungio: ukiyahesabu mara kama moja na mara kama mawili, unateleza neno moja pembeni, na neno la pembeni mara nyingi ni kiunganishi kisicho na maana. Kosa la tatu ni kutumia nakala ambayo mtu "ameisahihisha" chapa zake. Hesabu kwenye maandishi ya gemu lenyewe, na ya Kiingereza. Tafsiri yoyote inavunja kufuli pamoja na ufunguo, kwani idadi ya maneno hubadilika.

Ukihesabu sawasawa, inatoka kauli ambayo kwa Kiswahili ni hivi: Hakuzaliwa mungu. Hatima yake haikumwongoza kwenye uhalifu huu. Aliichagua njia hii kwa hiari yake mwenyewe. Aliiba uungu na kumuua Hortator. Vivec ndiye aliyeandika haya.

Kiswahili kinaficha kitu hapa. "Aliiba" na "kumuua" havisemi kama ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza kimeandika "He", na umoja. Kwa hiyo fumbo linamtaja mmoja, na Almalexia hayumo. Hapo ndipo linapogongana na Sul. Sul ana wauaji watatu. Fumbo lina mmoja.

Wapo wanaosema fumbo limemaliza kesi. Sikubaliani nao kwa haraka hivyo. Vivec ni mshairi anayejitunga upya kila ukurasa. Ndani ya mahubiri hayohayo anajipa kuzaliwa kwa miujiza ambako fumbo lenyewe linakukana. Anaweza kuwa anakiri, anaweza kuwa anajitwalia peke yake uzito wa tendo la watatu, kama kiongozi wa kikundi anavyosema "nilifanya" akimaanisha "tulifanya". Lakini kuna jambo moja linalonifanya nilipe uzito kuliko maneno yake mengine yote: halimletei faida. Katika mahojiano anajitetea mbele ya watu. Katika fumbo hakuna msikilizaji ila yule aliyehesabu maneno ya vitabu hivyo kimoja kimoja, na kauli aliyomwekea inamwita mwizi na muuaji. Uongo wa namna hiyo ungekuwa wa kumfurahisha nani?

Dagoth Ur: adui anayethibitisha

Nadharia kwamba Dagoth Ur ndiye aliyemuua Nerevar ina wafuasi kwa sababu ni mwovu wa gemu, na kwa sababu Hekalu linautaja ukoo wake kuwa wasaliti. Tatizo ni maneno yake mwenyewe. Katika ujumbe wake kwa mchezaji anasema walikuwa marafiki na ndugu, lakini chini ya Red Mountain Nerevar alimpiga akiwa analinda hazina aliyofungwa kwa kiapo ailinde. Na katika ndoto anazomtumia, wito wake una hesabu: watatu walikudanganya, watatu walikusaliti, mmoja uliyemsaliti wewe alikuwa mwaminifu mara tatu.

Tenganisha madai mawili yaliyomo. La kwanza, kwamba watatu walimsaliti Nerevar, lina faida kwake. Anatafuta mshirika dhidi yao, hivyo lipunguzie uzito. La pili, kwamba Nerevar alirudi mlimani akamshambulia, lina uzito wote, kwa sababu Vivec anasema jambo hilohilo. Maadui wawili wa maelfu ya miaka, wasiokubaliana kuhusu nani msaliti, wanakubaliana kuhusu mfuatano: Dagoth Ur kuachiwa ulinzi, kisha pigano.

Huu ndio msumari wa kesi nzima. Baada ya pigano la pili Nerevar alikuwa hai, ameshinda, na zana ziko mikononi mwa wenzake watatu. Vita vimekwisha. Hakuna Mdwemer aliyebaki wa kumuua, na Dagoth Ur amekimbia. Kifo chochote kinachokuja baada ya hapo kinatokea nyumbani.

Swali la muda linabaki. Sul anaweka laana ya Azura mara tu baada ya mauaji. Vivec anaiweka mara tu baada ya zana kutumika, miaka kadhaa mbele. Matoleo yote mawili yana Azura anayetokea papo hapo. Njia rahisi ya kuyapatanisha ni kwamba mauaji na matumizi ya zana vilikwenda sambamba: Sotha Sil alizisoma zana kwa ile miaka kadhaa huku Nerevar akiwa hai na kizuizi, kisha siku Nerevar alipotaka kumwita Azura, wakamaliza mambo mawili kwa pamoja. Vivec akisimulia anataja nusu ya siku hiyo, Sul nusu nyingine. Kwa mpangilio huu, kauli ya kwamba walikishika kiapo kwa miaka kadhaa inaweza kuwa kweli tupu: walikishika kwa muda wote ambao aliyewaapisha alikuwa anawatazama.

Nadharia nyingine, kwa ufupi

Zana zenyewe zilimuua. Hii ina msingi ndani ya gemu: ukishika Sunder au Keening bila kuvaa Wraithguard, unapata jeraha la kufisha. Lakini Wraithguard ilikuwa pamoja na zana nyingine. Na kifo cha ajali kisingehitaji kufichwa. Hekalu lingekipamba na kukihubiri.

Azura alipanga yote. Kama sababu ya kumnufaisha, ipo. Alipata unabii na chombo cha kisasi. Kama tendo, hakuna andiko hata moja linalomweka karibu na mwili kabla ya kifo.

Muda ulivunjika, hivyo matoleo yote ni kweli. Nadharia hii inapendwa na wasomaji wa kina, na ina pa kushika: katika hubiri la 29, namba ya kwanza inaitwa Dragon Break, jina la matukio ambamo muda hupasuka, na ya pili inaitwa Enantiomorph, mpangilio wa mfalme, muasi na shahidi anayelemazwa. Mfalme Nerevar, muasi Vivec, shahidi kipofu Sul: inakaa vizuri mno. Kirkbride mwenyewe, katika maandishi aliyoyatoa nje ya gemu kuhusu kesi ya Vivec, anamfanya ajibu kwamba Vivec wa kibinadamu alimuua Hortator na Vivec mungu hakumuua, na wawili hao ni mmoja. Ni jibu zuri kama ushairi. Kama utetezi ni dhaifu, maana bado lina mtu aliyeua na jina lake. Anayetaka kusema muda ulivunjika aseme pia ni toleo lipi la muda ambamo Nerevar alizeeka akafa kitandani. Hakuna shahidi aliyelitoa.

Kwa hiyo shtaka langu linasimama hivi: mauaji, baada ya safari ya pili ya mlimani, wakati wa maandalizi ya ibada, kwa sababu ya zana. Watatu kwa kupanga. Kwa mkono, Vivec, kwa kuwa ndiye pekee ambaye Sul anamtaja na yeye mwenyewe anajitaja. Sotha Sil yupo kama aliyenufaika na utafiti. Aliye na ushahidi mwembamba kuliko wote ni Almalexia. Mbali na mishumaa ya Sul na "watatu" wa Dagoth Ur, hakuna andiko kati ya haya linalomgusa, na wakili mzuri angemtoa. Asichoweza wakili huyo kukieleza ni kwa nini Hekalu linalomwabudu mjane halijawahi kuandika ni wapi alimzika mumewe.